Familia za hema: Sarakasi za Ulaya zilivyoishi kwa kuvuka mipaka

JUNI 14, 1919, mjini Bern, Uswisi, ndugu wanne wa familia ya Knie walifungua hema lao la kwanza. Lilikuwa hema la nguzo moja. Kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya siku hiyo, ukoo wao ulikuwa ukitembea juu ya kamba katika viwanja vya wazi, wapita njia wakisimama kutazama, halafu mmoja wao akizunguka na sahani kukusanya sarafu. Aliyetaka kulipa alilipa. Asiyetaka aliondoka zake, burudani akiwa ameshaipata.

Hema lilibadili hesabu hiyo. Sasa kulikuwa na mlango, mlangoni kuna tiketi, na mvua ikinyesha onyesho linaendelea. Mfanyabiashara yeyote aliyeanza kwa kupanga bidhaa chini kando ya barabara, kisha akapata kibanda chenye kufuli, ataielewa habari ya akina Knie bila kuelezwa mara mbili. Leo kampuni hiyo inajulikana kama sarakasi ya taifa ya Uswisi, na bado iko mikononi mwa ukoo uleule.

Sarakasi za Ulaya husimuliwa zaidi kwa habari za simba, tembo na wachekeshaji wenye pua nyekundu. Mtu wa mpakani akizitazama ataona kitu kingine: kampuni za kifamilia ambazo kwa karne mbili na nusu zimekula kwa kuvuka mipaka, zikibeba bidhaa ambayo hakuna ofisa wa forodha aliyewahi kuipima kwenye mizani, yaani ujuzi ulio mwilini mwa mtu. Mipaka ilipokuwa wazi zilitajirika. Ilipofungwa, nyingi zilifilisika, na kuna wakati baadhi ya watu wake walisakwa ili wauawe.

Kipimo kimoja, soko moja

Mwanzilishi anayetajwa na wengi ni Philip Astley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1742, sajini meja wa zamani katika jeshi la wapanda farasi. Mwaka 1768 alianza kuonyesha umahiri wake wa farasi katika kiwanja kimoja eneo la Lambeth, London. Waliomtangulia walikimbiza farasi kwa mstari ulionyooka, na mtazamaji aliona mgongo wa mpandaji ukitokomea. Kwenye duara, farasi hapotei machoni, na mpandaji aliyesimama juu ya tandiko husaidiwa na mwendo wenyewe kutoanguka, kwani mnyama akikata kona huegemea ndani na mtu huegemea naye.

Baada ya majaribio, duara hilo lilitulia kwenye kipenyo cha futi 42, karibu mita 13. Mwaka 1770 Astley aliongeza watembea kamba, wapiga pindu na mchekeshaji wa kujaza nafasi farasi wanapobadilishwa. Mfanyakazi wake wa zamani, Charles Hughes, alifungua jumba la kushindana naye mwaka 1782 na kulipa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya duara. Ndilo neno lililosafiri mpaka likafika kwetu likiwa sarakasi.

Mita hizo 13 zilifanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Farasi aliyefundishwa London aliweza kuingia uwanjani Paris, Vienna au St. Petersburg bila kujifunza upya hatua zake. Mpandaji aliyekosana na tajiri mmoja alifunga mizigo yake akaenda kwa mwingine, nchi nyingine, na duara lilikuwa lilelile. Serikali za Ulaya zilikuwa bado zinapigana vita na kutoza ushuru kila penye daraja, ilhali wapanda farasi walikuwa wamekwisha kukubaliana kipimo cha pamoja, na hakuna mkutano wa mawaziri uliohitajika.

Astley mwenyewe alifungua jumba Paris mwaka 1782. Mapinduzi ya Ufaransa na vita vilivyofuata kati ya nchi hizo mbili vilimfanya aishike kwa shida mali aliyokuwa nayo ng'ambo ya bahari, na jumba likaangukia mikononi mwa Antonio Franconi, mzaliwa wa Italia aliyekuwa na ndege waliofundishwa michezo. Ukoo wa Franconi ukawa nguzo ya sarakasi ya Ufaransa. Astley alifia Paris mwaka 1814.

Ukoo ndio chuo, ukoo ndio benki

Mtu anaweza kununua hema na farasi kwa mkopo. Kijana anayeweza kupiga pindu mbili hewani na kutua kwenye mabega ya kaka yake hanunuliki, analelewa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na familia hizi zilianza kukunja watoto wakiwa na miaka minne au mitano. Baba alikuwa mwalimu, mama alishona mavazi na kuuza tiketi, shangazi alisimama katikati ya uwanja na mjeledi wa farasi. Hakukuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, lakini hakukuwa na wa kufukuzwa kazi pia. Ulikuwa mfumo mgumu kwa mtoto asiyependa kazi hiyo, kwa sababu kuacha kazi kulikuwa sawa na kuacha nyumbani.

Ndoa nazo zilikuwa mikataba. Familia yenye farasi wazuri iliozana na familia yenye warukaji, na arusi ikawa muungano wa mitaji. Ndiyo maana mtu akifuatilia majina makubwa, Knie wa Uswisi, Krone na Althoff wa Ujerumani, Togni na Orfei wa Italia, Bouglione wa Ufaransa, atakuta ndoa zilizofumwa kuvuka mipaka ya lugha na dini. Chanzo cha Knie wenyewe ni mapenzi: Friedrich Knie alikuwa mwanafunzi wa udaktari Innsbruck, Austria, alipomwona mwanamke mpanda farasi wa kundi lililopita mjini mwaka 1803. Akamfuata, na chuoni hakurudi. Ukoo wake ulipata uraia wa Uswisi mwaka 1900 tu, baada ya karibu karne nzima ya kuzunguka.

Akina Bouglione ni Wasinti, jamii ya watu wa misafara ambao Ulaya imewatazama kwa shaka na kuwasumbua kwa vibali tangu enzi na enzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walipata rundo la mabango ya rangi yaliyobaki kutoka ziara za onyesho la Mmarekani Buffalo Bill, bidhaa ambayo wengine waliiona taka kwa kuwa mwenyewe alishafariki. Wao waliona tangazo lililokwisha kuchapwa. Wakabandika mabango, wakalipa onyesho lao jina la Kapteni Buffalo Bill, na watu wakaja. Si kila mtu atasifu njia hiyo, lakini ilijenga mtaji: mwaka 1934 walinunua Cirque d'Hiver, jumba la sarakasi lililojengwa Paris mwaka 1852, mahali ambapo Jules Léotard aliruka kwa mara ya kwanza kutoka bembea moja hadi nyingine mwaka 1859. Rosa Bouglione, aliyefunga ndoa na Joseph Bouglione ndani ya kizimba cha simba mwaka 1928, alikuwa mama mkuu wa ukoo huo hadi alipofariki mwaka 2018 akiwa na miaka 107.

Damu si sharti la lazima. Katika Circus Krone ya Munich, yenye jumba lake tangu mwaka 1919, Christel Sembach-Krone hakuwa na mtoto wa kumrithi. Alimchukua binti aliyekulia katika sarakasi hiyo, Jana Mandana, akamfanya mwanawe kisheria, na alipofariki mwaka 2017 kampuni ikapita kwa binti huyo pamoja na jina. Katika biashara ya hema, jina lililo juu ya mlango ndilo mali ya kwanza kulindwa.

Mzigo uliokuwa na pumzi

Kabla ya simba kuingia kwenye duara, lazima mtu amtoe alikotoka. Hapo ndipo anapoingia Carl Hagenbeck wa Hamburg. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Mwaka 1848 wavuvi walimletea sili sita walionaswa kwenye nyavu. Akawaweka kwenye mapipa na kutoza kiingilio. Mwana aliikuza kazi hiyo hadi akawa mfanyabiashara mkubwa wa wanyamapori barani Ulaya, akiuzia bustani na sarakasi, na baadaye akiendesha sarakasi yake.

Njia yake maarufu ilianzia mashariki mwa Sudan. Wanyama waliokamatwa waliswagwa jangwani kwa wiki kadhaa hadi bandari ya Suakin, wakapanda meli hadi Suez, treni hadi Alexandria, meli tena hadi Trieste, na treni hadi Hamburg. Katika msafara wa mwaka 1870, Hagenbeck alikwenda mwenyewe Suez kupokea mzigo wa tembo, twiga, swala na mbuni. Msafara ulikuwa na kundi la mbuzi wa maziwa wa kuwanyonyesha wanyama wachanga, na mbuzi walioacha kutoa maziwa walichinjwa kuwa chakula cha simba. Anayesafirisha vifaranga au nyanya anaijua hofu ya bidhaa inayokufa njiani. Hesabu ya waliokufa ilikuwa kubwa, na kila ndama wa tembo aliyefika ulikuwa na mama aliyeuawa nyuma yake.

Hagenbeck hakuishia kwa wanyama. Kuanzia miaka ya 1870 alileta pia watu: Wasami kutoka kaskazini ya mbali ya Ulaya, kisha Wanubi kutoka Sudan mwaka 1876, wakaonyeshwa kwa kiingilio wakiishi katika vibanda vyao mbele ya umati. Walikuwa na mikataba na walilipwa, na watetezi wake hulitaja hilo. Lakini mtu anayelipwa ili atazamwe kando ya twiga amewekwa daraja gani, hilo mkataba haukulisema.

Fedha ikiwa karatasi

Hans Stosch-Sarrasani alifungua Dresden, mwaka 1912, mojawapo ya majumba makubwa ya sarakasi barani Ulaya. Vita Kuu ilimpokonya farasi na wafanyakazi. Kisha ukaja mwaka 1923, mkate mmoja Ujerumani ukifikia bei ya mabilioni ya marki. Mauzo ya tiketi za jioni hayakuweza kununua majani ya farasi asubuhi. Sarrasani alifanya alichofanya wafanyabiashara wengi ambao fedha yao imeoza: alifuata fedha iliyo hai. Alipakia hema, watu na wanyama kwenye meli akaenda Amerika Kusini, ambako kiingilio kililipwa kwa sarafu yenye thamani. Alirudi huko tena miaka kumi baadaye na akafia São Paulo mwaka 1934. Jumba la Dresden liliteketea usiku wa mabomu ya Februari 1945, na mkwe wake, Trude, baada ya vita alilianzisha upya jina la Sarrasani nchini Argentina.

'Nendeni mkavue samaki'

Miongoni mwa familia kongwe za sarakasi nchini Ujerumani zilikuwamo za Kiyahudi: Blumenfeld, Strassburger, Lorch. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, ukongwe haukuwasaidia. Sarakasi ya Strassburger ililazimishwa kuuzwa mwaka 1935, na wenyewe wakakimbilia Ubelgiji na Uholanzi. Watu wengi wa ukoo wa Blumenfeld waliuawa katika kambi. Watu waliozoea kupita mipaka kwa kutaja jina tu walikuta jina lenyewe limekuwa shtaka.

Irene Danner, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mjukuu wa ukoo wa Lorch, wenye makao karibu na Darmstadt. Alifunzwa kazi ya uwanjani tangu utoto, kisha sheria za ubaguzi zikamzuia kuifanya. Mwaka 1941 sarakasi ya Adolf Althoff ilipiga hema karibu na kwao. Irene akaenda kutazama, akafahamiana na mchekeshaji kijana, Peter Bento, wa familia ya sarakasi ya Ubelgiji, na wakapendana. Alimwomba Althoff kazi. Althoff, aliyekuwa bado hajafikisha miaka 30, alijua fika yeye ni nani. Akamwajiri kwa jina la uongo.

Machi 1943 nyanya yake Irene alichukuliwa kutoka Darmstadt na hakurudi. Mama yake, Alice, na mdogo wake, Gerda, wakakimbilia kwenye hema. Baba yake, Hans Danner, hakuwa Myahudi na alikuwa askari wa jeshi la Ujerumani. Alipewa likizo ili aende amtaliki mkewe. Badala ya kwenda na talaka, naye alijiunga na familia yake kwa Althoff. Sasa walikuwa wanne, wakilala na kula katikati ya wasanii wapatao 90 na familia zao.

Hilo ndilo jambo gumu kulieleza katika habari hii. Kuficha mtu kwenye dari ya nyumba ni siri ya watu wawili au watatu. Kwenye sarakasi, kambi nzima ilikuwa na macho. Seremala alijua, mpishi alijua, mtu wa farasi alijua au alihisi. Neno moja la mfanyakazi aliyekasirikia mshahara lingetosha kuwaangamiza wote, akiwamo Althoff na mkewe, Maria. Na hema lilihama kila siku chache, kila mji na polisi wake, kila polisi na daftari lake la kukagua.

Kuhama huko kulikuwa hatari na kinga kwa wakati mmoja, kwa kuwa ofisa aliyeanza kushuku leo alikuta uwanja mtupu wiki ijayo. Habari za ukaguzi wa polisi wa siri, Gestapo, mara nyingi zilimfikia Althoff mapema. Aliwaambia akina Danner waende kuvua samaki. Yalikuwa maneno ya fumbo, nao walitoweka hadi wakaguzi wamalize. Wageni alikuwa akiwakaribisha kwa vinywaji hadi shauku ya kukagua magari ipungue. Irene na Peter walinyimwa ruhusa ya kuoana lakini waliishi pamoja na kupata watoto, na vita vilipokwisha ndipo wakafunga ndoa. Wote wanne wa familia ya Danner walitoka hai. Januari 1995 Israeli iliwapa Adolf na Maria Althoff heshima inayotolewa kwa wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuokoa Wayahudi. Adolf alifariki mwaka 1998.

Tembo wamestaafu

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yamekuja kwa sheria, si kwa bunduki. England ilipiga marufuku wanyamapori katika sarakasi za kuhamahama kuanzia Januari 2020. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021 na kuweka mwisho wa mwaka 2028. Akina Knie waliwatoa tembo uwanjani baada ya msimu wa 2015. Circus Roncalli ya Ujerumani sasa inaonyesha tembo na farasi wa picha za mwanga zinazoelea hewani. Hawali majani, na hawahitaji cheti cha daktari wa mifugo.

Farasi wa kweli wamebaki kwa wengi, na kwa sheria za Ulaya kila farasi ana pasipoti yake. Tangu Uingereza ilipoachana kabisa na soko la Ulaya mwezi Januari 2021, kundi linalovuka bahari kati ya pande hizo mbili linahitaji orodha ya kila kitu lilichobeba, mara nyingi kwa hati inayoitwa ATA, inayoruhusu vifaa kuingia nchi kwa muda bila ushuru mradi vitoke vilevile. Taa, waya, spika, kofia za mchekeshaji, vyote vinaandikwa. Kwa familia ambazo babu zao walipita njia hizo na farasi wawili na ngoma, makaratasi hayo ni gharama mpya, na kampuni ndogo ndizo zinazoumia zaidi.

Nafasi za watoto wa ukoo wasiotaka tena kazi hiyo zinajazwa na watu kutoka mbali: China, Mongolia, Ukraine, na sasa Afrika Mashariki. Nairobi, shirika la Sarakasi limekuwa likifundisha vijana tangu mwaka 2001. Dar es Salaam, Mzimbabwe Winston Ruddle alianzisha shule iliyotoa wasanii wa maonyesho yanayozunguka Ulaya. Watanzania wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, ambao mmoja husimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, walishinda shindano kubwa la vipaji la televisheni ya Marekani mwaka 2024. Wengi wa vijana hawa hawana jina linalosubiriwa na hema lolote. Wanaingia kwa mkataba wa msimu na viza yenye tarehe ya mwisho, na msimu ukiisha wanaanza kutafuta upya.

Wachache wamekwenda mbele ya hapo. Bibi na Bichu, ndugu wawili kutoka Ethiopia, walifika Uingereza wakiwa vijana wenye ujuzi wa kurusha na kudaka vitu vingi kwa pamoja, na kwa miaka mingi waliajiriwa katika hema la wengine, likiwamo la Giffords. Mwaka 2017 walipeleka Edinburgh onyesho la kampuni yao wenyewe, Circus Abyssinia. Wasanii wake waliwatoa Ethiopia, katika shule ya sarakasi ambayo ndugu hao wamekuwa wakiisaidia kwa fedha walizochuma ugenini.